Kipa aliyeokoa penalti, kisha akahitaji kuokolewa

Jumamosi moja jioni mpwa wangu, msichana wa gredi ya nane, alirejea nyumbani kutoka mechini akiwa amejifunga leso kichwani hadi kwenye nyusi. Tulidhani ni urembo tu wa wasichana wa siku hizi. Mamake alipoifungua leso ile, tuliona uvimbe wa kadiri ya ndimu ukiwa umeota juu ya jicho la kulia.

Msichana huyu ndiye kipa wa timu ya shule yao. Siku hiyo aliruka kuunyaka mpira miguuni mwa mshambuliaji, na badala ya kukutana na mpira peke yake, akakutana pia na goti.

"Ukaendelea kucheza?" nikamuuliza.

"Ndiyo, Mjomba. Walinimwagia maji nikawa sawa. Tena baada ya hapo sikufungwa hata bao moja."

Kusema kweli, nilijivuna. Nilimpiga bega nikamwambia kwamba yeye ni simba. Ndivyo tulivyolelewa wengi wetu. Kulia ni aibu, kulalamika ni uzembe, na dawa ya maumivu ni kujikaza.

Lakini saa mbili usiku msichana alikataa chakula. Saa tatu akatapika. Ilipotimu saa nne aliniuliza mechi iliisha mabao mangapi, na hiyo ilikuwa mara ya tatu kuniuliza swali lile lile. Hapo majivuno yangu yalinitoka kama upepo utokavyo katika mpira uliochomwa na mwiba.

Tulipokuwa tumeketi kwenye benchi la hospitali tukingoja daktari, nilimkumbuka kipa mmoja wa Marekani. Jina lake ni Briana Scurry. Kisa chake ndicho nitakachokusimulia Jumapili hii, na benchi lile tutalirudia baadaye.

MAHALI PA USALAMA

Briana alizaliwa tarehe 7 Septemba 1971 mjini Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, akiwa kitinda mimba katika jamaa ya watoto 9. Alikulia katika mji mdogo wa Dayton, ambako watu weusi walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Alipokuwa na umri wa miaka 8 aliitazama kwenye televisheni timu ya Marekani ya magongo ya barafuni ikiiangusha timu ya Muungano wa Kisovieti katika Olimpiki za mwaka wa 1980. Mtoto yule akawaambia wazazi wake kwamba yeye naye angekwenda Olimpiki. Bila shaka watoto wengi hutamka maneno kama hayo wakiwa mbele ya televisheni. Huyu aliyashikilia.

Alipofika miaka 12 alijiunga na timu ya kandanda ya wavulana, kwani timu ya wasichana haikuwako. Kocha alimtazama binti huyu pekee kati ya wavulana, akajiuliza amweke wapi asije akaumizwa. Hatimaye akamweka langoni, akiamini kwamba hapo ndipo mahali pa usalama.

Naomba uyakumbuke maneno hayo, msomaji. Mahali pa usalama! Kila aliyewahi kusimama langoni, hata kama lango lenyewe lilikuwa mawe mawili kwenye uwanja wa vumbi mtaani, anajua ukweli ulivyo. Wachezaji wengine hukimbilia mpira kwa miguu, na kipa huukimbilia kwa kichwa. Wenzake hujirusha wakiwa wamesimama, naye hujitupa chini pale ambapo viatu vyenye vyuma vinapita kwa kasi. Isitoshe, mshambuliaji akikosa mara 9 kisha akafunga mara ya 10, huimbiwa nyimbo. Kipa akiokoa mara 9 kisha akafungwa mara ya 10, huulizwa mikono yake ni ya kazi gani.

Hata hivyo, Briana alipapenda mahali pale. Mwaka wa 1989 timu ya shule yake ya upili, Anoka, ilitwaa ubingwa wa jimbo la Minnesota. Kutoka hapo alijiunga na Chuo Kikuu cha Massachusetts. Alikuwa na bahati ya wakati pia. Mwaka wa 1972, kabla hajatimiza mwaka mmoja, Marekani ilipitisha sheria iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopata fedha za serikali kuu. Sheria hiyo ndiyo iliyowafungulia wasichana viwanja vya shule na vyuo. Kipaji bila uwanja ni mbegu kwenye gunia, haioti.

MKWAJU WA TATU

Mwaka wa 1994 Briana aliitwa katika timu ya taifa, na upesi akawa kipa nambari moja. Mwaka wa 1995 alicheza Kombe la Dunia nchini Uswidi, ambako Marekani ilimaliza ya tatu. Katika mechi dhidi ya Denmark alionyeshwa kadi nyekundu kwa kuushika mpira nje ya eneo lake, na kwa kuwa wachezaji wa akiba walikuwa wamekwisha kutumika, mshambuliaji Mia Hamm alilazimika kuvaa jezi ya kipa na kulinda lango kwa dakika zilizobaki. Mwaka uliofuata soka ya wanawake iliingizwa katika Olimpiki kwa mara ya kwanza, kule Atlanta. Marekani iliilaza China 2-1 katika fainali, na Briana akavishwa dhahabu. Ndoto ya yule mtoto wa miaka 8 ilikuwa imetimia.

Lakini siku iliyolifanya jina lake lisifutike ni tarehe 10 Julai 1999. Ilikuwa fainali ya Kombe la Dunia la wanawake katika uwanja wa Rose Bowl, Pasadena, jimbo la California. Mashabiki 90,185 walijazana uwanjani. Marekani na China zilitoshana nguvu kwa dakika 90, zikaongezwa 30, na bado hapakuwa na bao. Katika muda wa ziada kichwa cha mchezaji mmoja wa China kilimpita Briana, mpira ukawa unaelekea wavuni, lakini Kristine Lilly aliyekuwa amesimama kwenye mstari akautoa kwa kichwa. Ikabidi mshindi aamuliwe kwa mikwaju ya penalti.

Sote tumeziona penalti, lakini ni vyema tuzitazame kwa jicho la kipa. Lango lina upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44 kwenda juu. Mpira huwekwa mita 11 tu kutoka mstari wake. Kipa akingoja kuuona mpira uendako ndipo aruke, amechelewa. Hana budi kusoma mabega, macho na mwendo wa mpigaji, kisha akate shauri. Akikosea, dunia nzima humwona amelala upande huu, mpira umeingia upande ule.

Wachina wawili wa kwanza walipiga, wakafunga. Wamarekani wawili nao wakafunga. Wa tatu wa China alikuwa Liu Ying. Briana hakuwa na desturi ya kuwatazama wapigaji wakija, lakini huyu alimtazama, na mwendo wake ukamwambia kwamba hana imani na mguu wake. Akajua kwamba huyu ndiye. Liu Ying alipopiga, Briana alikuwa amekwisha kuruka upande wake wa kushoto, akaupangua mpira kwa mikono.

Ni haki kukuambia pia, msomaji, kwamba kuna waliolalamika kuwa Briana aliuacha mstari na kusogea mbele kabla ya mpira kupigwa. Picha zinaonyesha kwamba alisogea. Lakini refa hakupuliza kipenga, na uamuzi wa refa ndio uliobaki. Mikwaju mingine yote ikaingia. Brandi Chastain akapiga wa 5, Marekani ikashinda 5-4.

Sasa fumba macho ukumbuke picha ya fainali ile. Wengi watakumbuka Chastain akiwa amepiga magoti nyasini, amevua jezi na kuikunja ngumi yake kwa furaha. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima. Picha ya kipa ni wachache wanaoikumbuka. Ndiyo kazi ya ulinzi hiyo, hata majumbani mwetu. Anayeleta kitu husifiwa, na anayezuia balaa husahaulika.

KOLEO LIKIVUNJIKA

Baada ya sherehe mambo yalikwenda mrama. Briana mwenyewe amekiri kwamba alijiachia, akanenepa, na kisha akapata jeraha. Olimpiki za Sydney za mwaka wa 2000 zilipofika, langoni alisimama Siri Mullinix, na shujaa wa Pasadena akawa wa benchi. Marekani ilifungwa na Norway 3-2 katika fainali.

Lakini wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Briana alirudi mazoezini, akapunguza uzito, akacheza katika ligi ya kulipwa ya wanawake iliyoanzishwa nchini Marekani mwaka wa 2001, akiilindia lango Atlanta Beat. Ligi hiyo ilidumu misimu 3 tu, ikavunjwa mwaka wa 2003 kwa ukosefu wa fedha. Hata hivyo alikuwa amekwisha kuipata tena nafasi yake katika timu ya taifa. Mwaka wa 2004 babake aliaga dunia. Miezi michache baadaye, akiwa bado na majonzi, alisimama langoni katika fainali ya Olimpiki mjini Athens. Marekani iliishinda Brazil 2-1 baada ya muda wa ziada, na binti wa marehemu akapata dhahabu ya pili.

Miaka mitatu baadaye yalimfika mengine. Katika Kombe la Dunia la mwaka wa 2007 nchini China, kipa wa Marekani alikuwa kijana Hope Solo, aliyekuwa amecheza mechi zote 4 za kwanza. Nusu fainali ilikuwa dhidi ya Brazil, na kocha Greg Ryan akamwondoa Solo na kumwingiza Briana, kwa hoja kwamba Briana alikuwa na historia nzuri dhidi ya Wabrazil. Alikuwa na umri wa miaka 36, na hakuwa amecheza hata dakika moja ya mashindano yale. Marekani ikachapwa 4-0, siku ambayo mchezaji mmoja wa Marekani alijifunga mwenyewe na mwingine akapewa kadi nyekundu. Baadaye Solo alitamka hadharani kwamba yeye angeyazuia mabao yale.

Je, kama ungekuwa wewe umefungwa 4, kisha mwenzako akakusema mbele ya dunia, ungefanya nini? Briana hakuokota jiwe kulirudisha. Siku 3 baadaye alisimama tena langoni, Marekani ikaifunga Norway 4-1 na kuchukua nafasi ya tatu. Kujikaza kulikuwa kumempeleka mbali. Kulimtoa Dayton hadi Olimpiki, kukamtoa kwenye benchi hadi dhahabu ya pili. Ungemuuliza siku hizo siri ya mafanikio yake, sidhani kama angekuwa na jibu jingine.

GOTI MOJA TU

Tarehe 25 Aprili 2010 Briana alikuwa akiichezea Washington Freedom dhidi ya Philadelphia Independence. Alikuwa na umri wa miaka 38 na ameichezea timu ya taifa zaidi ya mechi 170. Mpira wa chini ulikuja, akainama kuudaka, na goti la mshambuliaji likamgonga ubavuni mwa kichwa.

Aliudaka ule mpira. Akainuka, akauliza kama ni bao, akaendelea kucheza. Hakuna damu iliyotoka, wala hakuzirai. Lakini macho yalikuwa yameingia ukungu, na uwanja ukawa kama unayumba. Wakati wa mapumziko alipokuwa akitoka, mtaalamu wa tiba wa timu alimwona anavyopepesuka, akamuuliza kama yu salama. Briana akajibu kwamba la, hayuko salama.

Hakucheza tena maisha yake yote.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kwa miaka 3 Briana aliumwa kichwa kila siku. Mwanga ulimchoma, kelele zilimtesa. Alisahau mambo, usingizi ukampaa, na furaha ikamhama. Mtu aliyemtazama aliona mwanamke mzima, mwenye mikono na miguu yake, asiye na bandeji wala magongo. Wengine wakadhani ni uvivu. Alizozana na watu wa bima kuhusu matibabu. Fedha zilimwishia hadi akaziweka rehani medali zake 2 za dhahabu, akapewa dola 18,000. Medali iliyopatikana mwaka aliompoteza babake ikakaa kwenye sefu ya mkopeshaji!

Mwenyewe amesimulia kwamba ilifika siku akasimama karibu na maporomoko ya maji akiwaza kuyakatiza maisha yake. Kilichomrudisha nyuma ni kumfikiria mamake akipelekewa habari ile.

Hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo. Kipa huyu alizuia mikwaju mbele ya watu 90,000, lakini hili hakuweza kulizuia peke yake. Yale yale yaliyomfanya bingwa, kujikaza na kunyamaza, ndiyo yaliyotaka kumzika. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Alianza kupona alipofungua kinywa. Alisema wazi kwamba anaumwa, na watu wakamsikia. Chryssa Zizos, mwenye kampuni ya mawasiliano ambaye baadaye alikuja kuwa mwenzi wake wa maisha, alimsaidia kupigania haki yake ya matibabu na kuzikomboa zile medali. Mwezi wa Oktoba 2013 madaktari wa hospitali ya Chuo Kikuu cha Georgetown, Washington, walimpasua na kuushughulikia mshipa wa fahamu uliojeruhiwa nyuma ya kichwa. Alipozinduka, maumivu yaliyokuwa yamemkaa miaka 3 yalikuwa yamemwachia. Si kila aumwaye kichwa dawa yake ni kisu, lakini yeye kilimfaa. Baada ya hapo alihitaji bado mazoezi ya kuurudishia ubongo kazi zake.

Mwezi wa Machi 2014 alikwenda mbele ya kamati ndogo ya Bunge la Marekani kueleza madhara ya majeraha ya kichwa michezoni. Mwaka wa 2017 alichaguliwa kuingia katika Ukumbi wa Mashujaa wa Soka wa Marekani, akiwa kipa wa kwanza wa kike na mwanamke mweusi wa kwanza kupata heshima hiyo. Mwaka wa 2022 akatoa kitabu cha maisha yake. Jina lake kwa Kiingereza lina maana ya "uokoaji wangu mkubwa kuliko wote". Nawe sasa unajua kwamba mkwaju wa Liu Ying siwo aliokusudia peke yake.

TURUDI KWENYE BENCHI

Daktari aliyemwona mpwa wangu alikuwa mpole. Alituambia kwamba ubongo umekaa ndani ya fuvu ukizungukwa na majimaji, na kichwa kikigongwa kwa nguvu, ubongo hutikisika na kazi zake huvurugika kwa muda. Huo ndio mtikisiko wa ubongo. Wengi wanaoupata hawazirai hata kidogo. Mara nyingi hata picha za kichwa hazionyeshi kitu. Dalili ziko kwa mgonjwa mwenyewe: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, macho kuona ukungu, kuchukia mwanga na kelele, kusahau, kuuliza jambo lile lile mara kwa mara, au kubadilika tabia. Nyingine hujitokeza baada ya saa kadhaa.

Akatutajia na dalili za hatari ambazo hazingoji asubuhi. Mtoto akitapika tena na tena, maumivu yakizidi badala ya kupungua, akisinzia kiasi cha kutoamshika, akipata degedege, akishindwa kusema au kusimama vizuri, au mkono na mguu ukifa ganzi, basi ni kumkimbiza hospitali papo hapo.

"Na alipoendelea kucheza je, alikosea?" dadangu akauliza.

"Si yeye aliyekosea, mama," daktari akajibu. "Aliyegongwa kichwa si wa kuulizwa kama anaweza kuendelea. Ni wa kutolewa."

Neno hilo lilinichoma, msomaji, kwani usiku ule ule mimi nilikuwa nimemwita simba. Kanuni yenyewe ni nyepesi. Mchezaji anayeshukiwa kuumia ubongo atoke uwanjani mara moja na asirudi siku hiyo. Akipigwa tena kabla hajapona, madhara yaweza kuwa makubwa mno. Baada ya mapumziko hurudi hatua kwa hatua kwa idhini ya daktari, akianza na kutembea, kisha kukimbia, kisha mazoezi, na mechi mwisho kabisa. Maji ya chupa kichwani hayatibu ubongo.

Sheria za soka nazo zimeanza kuamka. Tangu Julai 2024 mashindano yanaruhusiwa kuwa na nafasi ya ziada ya kumbadilisha mchezaji aliyeumia kichwa, ili timu isiogope kumtoa kwa kuwa imemaliza wachezaji wa akiba. Lakini kule viwanja vyetu vya mitaani na vya shule, sheria ya kwanza ni macho ya mwalimu, mzazi na mwenzake mchezaji.

Nasema haya kwa sababu binti zetu sasa wanacheza kweli kweli. Harambee Starlets walifika Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza mwaka wa 2016 kule Cameroon. Mwaka wa 2024 wadogo zao wasiozidi miaka 17, Junior Starlets, wakawa timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika Kombe la Dunia, katika Jamhuri ya Dominika. Nyuma ya hao kuna maelfu wanaokimbia kwenye vumbi kila Jumamosi, na katika kila timu kuna mmoja aliyevaa glavu. Sisemi umkataze wako. Briana aliwekwa langoni kwa ajili ya usalama, na usalama haukuwa hapo. Usalama hupatikana pale mtoto anapojua kwamba akisema "naumwa" hatachekwa, hatazomewa, wala hatanyang'anywa jezi.

Mpwa wangu alilazwa usiku mmoja, akapewa mapumziko. Kilichomsumbua zaidi hakikuwa kichwa.

"Mjomba, nikirudi si nitamkuta mwenzangu amechukua nafasi yangu?"

Nikamweleza habari za Sydney, za shujaa aliyepoteza nafasi yake mwaka wa 2000 akairudia na kupata dhahabu mwaka wa 2004. Nikamwambia kwamba lango hungoja, na kichwa ni kimoja. Kisha nikamwomba msamaha kwa kumwita simba wakati alipohitaji kuitiwa daktari. Alicheka, akasema simba pia huugua.

Wiki mbili baadaye tulikwenda pamoja kuitazama timu yao, yeye akiwa nje ya mstari na sare ya shule. Katika kipindi cha pili kipa wa akiba alirukia mpira wa juu, akagongana na beki wake mwenyewe, akaanguka kifudifudi. Kabla refa hajapuliza, kabla mwalimu hajainuka na chupa ya maji, mpwa wangu alikuwa amekwisha kuingia uwanjani akipaza sauti.

"Refa, simamisha mechi! Mtoeni! Msimwulize, mtoeni!"

Walimtoa. Timu yao ilifungwa 2-0 siku hiyo, na njiani kurudi nyumbani hakuna aliyetaja mabao.